Yale Ambayo Mshauri Mwanagenzi Hamwambii Msimamizi Wake

Mtu anayesomea ushauri nasaha jijini Nairobi hujifunza mapema sana kuhesabu saa. Kabla hajajua vizuri tofauti kati ya kumsikiliza mtu na kungoja zamu yake ya kusema, tayari amepewa daftari la mafunzo ya vitendo lenye safu za tarehe, herufi za kwanza za jina la mteja, muda wa kikao na mahali pa sahihi ya msimamizi. Chuo kinataka saa, chama cha wanataaluma kinataka saa, na mwajiri naye, siku atakapopatikana, atauliza saa. Sina ugomvi na hesabu hiyo. Nimewasimamia wanagenzi kwa miaka mingi katika chumba cha kukodi karibu na Barabara ya Ngong, na najua kwamba pasipo hesabu kuna watu ambao wangekaa na wateja mwaka mzima bila kumweleza yeyote kinachoendelea. Hata hivyo, daftari haliwezi kuonyesha kama katika saa hizo zilizotiwa sahihi kulizungumzwa jambo lolote la kweli. Kwa maoni yangu, usimamizi hufaa au hukosa kufaa kulingana na kile ambacho mwanagenzi anathubutu kukisema, hasa kile ambacho angependa kisijulikane.

Kwa msomaji asiye wa fani hii, utaratibu wenyewe si mgumu kuueleza. Mwanagenzi hukutana na wateja halisi wenye shida halisi, katika zahanati, shule, kanisa au kituo cha jamii, kisha kila wiki au kila baada ya wiki mbili huketi na mshauri mwenye uzoefu zaidi, akiwa peke yake au pamoja na wenzake, wakapitia yaliyotokea vikaoni. Msimamizi hakuwamo chumbani. Anawajibika kwa mtu ambaye huenda asimwone maisha yake yote, na mara nyingi hana njia ya kumfikia isipokuwa maelezo ya mwanagenzi, ambaye ana kila sababu ya kutaka kuonekana amefanya vyema.

Tatizo hili ni la zamani. Kliniki ya wachanganuzi wa nafsi iliyofunguliwa Berlin mwaka 1920, Max Eitingon akiwa miongoni mwa waanzilishi wake, ilikuwa kati ya mahali pa kwanza ambapo mwanafunzi alitakiwa kuwatibu wagonjwa huku kazi yake ikifuatiliwa na mkubwa wake. Kwa muda mrefu baada ya hapo wasimamizi waliendelea kutegemea masimulizi peke yake. Katika miaka ya 1940 Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, akiwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, alianza pamoja na wanafunzi wake kurekodi vikao kwenye santuri, na ikadhihirika kwamba mshauri aliyeamini kuwa anamsikiliza tu mteja alikuwa, kwa sauti yake mwenyewe, akimwelekeza huku na kule. Hakuna aliyekuwa amedanganya, kwa maana kumbukumbu ya mtu anayetathminiwa huchagua cha kubakiza. Halafu mwaka 1996 Nicholas Ladany na wenzake, huko huko Marekani, walichapisha utafiti uliowauliza wanagenzi 108 ni mambo gani waliyokuwa wamewanyima wasimamizi wao, na zaidi ya asilimia 97 walikuwa na angalau jambo moja. Lililofichwa na wengi kuliko yote lilikuwa hisia mbaya walizokuwa nazo juu ya msimamizi mwenyewe. Utafiti ule ulifanyika mbali, miongoni mwa watu waliolelewa kumwita mwalimu wao kwa jina lake la kwanza. Sioni sababu ya kudhani kwamba sisi, tuliolelewa kusimama mwalimu aingiapo darasani, tungeficha machache zaidi.

Nairobi ina historia yake katika jambo hili, nayo imeacha alama kwenye namna tunavyouelewa usimamizi. Bomu lililolipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998 liliwaua zaidi ya watu 200 katikati ya jiji na kujeruhi maelfu, na kwa mara ya kwanza wakazi wengi wakasikia kwamba kuna kazi ya kuketi na mtu aliyenusurika na kumsaidia azungumze. Miaka michache baadaye vituo vya VCT, yaani vya ushauri nasaha na upimaji wa hiari, vilienea nchini, na mshauri mmoja angeweza kuwapa watu kadhaa majibu yao ya virusi vya UKIMWI kabla ya chakula cha mchana, wengine wakilia, wengine wakikaa kimya kabisa, wengine wakimwomba asimwambie mume. Washauri wa wakati huo waliposikia habari za kukutana na msimamizi, walichokihitaji kwanza kilikuwa mahali pa kutua mzigo. Brigid Proctor, Mwingereza aliyeandika kuhusu usimamizi katika miaka ya 1980, aliigawa kazi ya msimamizi katika sehemu tatu, yaani kulinda maadili na viwango, kumkuza mwanagenzi kiujuzi, na kumrejeshea nguvu. Kizazi kile cha washauri wetu kiliihitaji sana sehemu ya tatu, na ni haki yao kwamba waliipata wale walioipata.

Lakini urithi una pande zake. Nimeketi katika makundi ya usimamizi ambamo kila mmoja hueleza jinsi wiki ilivyomchosha, wenzake wakamwonea huruma, chai ikanywewa, sahihi zikatiwa, na wateja wasitajwe hata mara moja isipokuwa kama chanzo cha uchovu. Vyuo, kwa upande wao, vimevuta kuelekea upande wa pili, na tangu Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iweke msingi wa kuwasajili watu wa kazi hii, mvuto huo umezidi kuwa na sababu. Kwao usimamizi ni ukaguzi wenye fomu na alama. Mwanagenzi mwerevu huweza kujificha katika hali zote mbili, kwa kuwa kundi la huruma halimuulizi alichokifanya na mkaguzi humuuliza kwa namna inayomfanya atoe jibu lililo salama.

Nieleze sasa maficho yenyewe kama ninavyoyakuta, nikimwomba msomaji atambue kwamba kila mfano hapa umechanganywa kutoka kwa watu mbalimbali na kubadilishwa, hivi kwamba hakuna mtu mmoja anayeweza kujitambua.

Ficho la kwanza ni umri. Wageni huwaza kwamba mwanagenzi ni kijana wa miaka 23, na wapo wa umri huo, lakini sehemu kubwa ya wanaosomea ushauri nasaha jijini ni watu wazima waliokwisha kuwa na kazi nyingine. Utawakuta walimu waliokaribia kustaafu, wauguzi, wachungaji na wake zao, na maofisa wa magereza. Msimamizi anaweza kuwa mdogo kwao kwa miaka 15. Fikiria mwalimu aliyewahi kuwa naibu mkuu wa shule, ambaye huripoti vikao vyake kama anavyoripoti kwa bodi ya shule. Mteja alifika saa nne, walizungumza juu ya changamoto zake, alipewa nafasi ya kujieleza, alishukuru. Nikimuuliza, "Mwalimu, ni wapi katika kikao hicho ulipokwama?" atanijibu kwa upole, "Kukwama hasa sikukwama, Madam. Kijana ni msikivu."

Swali langu lilimtaka mtu mzima akiri udhaifu mbele ya mdogo wake, na hakuna mtu mwenye kujiheshimu atakayelijibu. Nilijifunza kuacha kuuliza hivyo na badala yake kumwomba aandike dakika kumi za kikao neno kwa neno kadiri anavyokumbuka, alichosema mteja na alichosema yeye. Katika kurasa hizo ikajitokeza kwamba kijana alianza kikao kwa kumwita "mzae", yaani mzee kwa Sheng, lugha ya vijana wa mitaani, na robo nzima ya saa ikaishia kwenye somo la adabu. Mwalimu hakuwa amelificha hilo kwa hila. Kwake lilikuwa jambo la kawaida lisilostahili kuripotiwa, kwani ndivyo amefanya kwa miaka 30 kwa kila kijana aliyemkosea heshima. Tulilizungumza bila neno kosa kutajwa. Nilimuuliza alidhani kijana yule huwaita nani "mzae" nyumbani, na kama kuna mzee yeyote katika maisha yake aliyewahi kulisikia jina hilo asikasirike. Akafikiri kwa muda, akaniambia, "Hiyo sasa ni hoja." Kikao kilichofuata aliniletea kurasa bila kuombwa.

Sikubaliani na wenzangu wanaosema kwamba heshima ya umri ni lazima iachwe mlangoni ndipo usimamizi ufanyike. Haiwezi kuachwa, na anayejaribu kuivua kwa nguvu atabaki na mwanagenzi aliyefedheheka na fomu iliyojaa maneno mazuri. Kinachowezekana ni kuweka kazi mezani, kwenye karatasi au kwenye sauti iliyorekodiwa, wote wawili waiangalie, ili swali liwe juu ya ukurasa badala ya kuwa juu ya mtu.

Ficho la pili ni fedha. Kila mwanagenzi amefundishwa darasani kwamba mshauri hampi mteja pesa. Kisha anaketi na mama aliyetembea kutoka Mukuru hadi kituoni kwa sababu hana nauli, na kikao kikiisha mvua inanyesha. Anampa shilingi mia mbili, na haandiki popote. Wanagenzi wengi niliowasimamia wamewahi kufanya hivi au kulifikiria, na karibu wote huamini kwamba ni wao peke yao. Nikilifahamu jambo hilo, sianzi na kanuni, kwa sababu kanuni wanaijua. Nauliza kilichobadilika kati yao baada ya pesa ile. Jibu hutoa mafunzo mengi kuliko karipio lolote. Mwanagenzi mmoja alitambua kwamba tangu siku hiyo mteja hakukosa kikao hata kimoja na hakulalamika tena, ingawa hapo awali alikuwa ameanza kusema kwa uchungu kwamba mazungumzo hayamsaidii. Angewezaje kumkasirikia mfadhili wake? Hasira ambayo ingepaswa kufanyiwa kazi ilikuwa imenunuliwa kwa nauli. Kutoka hapo tungeweza kuzungumza mambo ya maana, kwa mfano kama kituo kina mfuko wa dharura unaoendeshwa na mtu mwingine, au kama kikao kingeweza kufanyika karibu zaidi na anakoishi, na kwa nini mwanagenzi hakuvumilia kumwona mteja akiondoka kwenye mvua.

Ficho la tatu ni sala, na hapa nitakaa kidogo, maana ndilo linalofichwa kwa ustadi mkubwa zaidi. Wanagenzi wengi wa Nairobi walianza kusaidia watu kanisani au msikitini kabla hawajasikia neno tiba. Mteja naye huja akisema kwamba kinachomsumbua ni roho, au kwamba mama mkwe amemwendea kwa mganga, na mwisho wa kikao anaomba aombewe. Mwanagenzi anaomba naye. Akifika kwangu anasema walifanya zoezi la kutuliza pumzi. Anadhani mimi, kwa kuwa nina vyeti ukutani, ninaidharau dini yake, na pengine kuna msimamizi mwingine aliyemfanya aamini hivyo.

Msimamo wangu ni kwamba sala yenyewe siyo inayostahili kuchunguzwa kwanza. Kinachostahili kuchunguzwa ni wakati ilipoingia. Mchungaji mmoja mwanagenzi, alipokubali kuleta rekodi, tulisikia pamoja kwamba mteja alikuwa ameanza kusema, "Kuna kitu baba wa kambo..." na hapo hapo mchungaji akasema, "Tumkabidhi Mungu jambo hilo." Wakaomba. Mteja hakurudi tena kwenye sentensi ile. Mchungaji aliisikia rekodi akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema jambo ambalo sikuwa na haja ya kuongeza chochote juu yake: "Niliogopa kusikia." Kuna pia mwanagenzi wa aina ya pili, yule ambaye amevimeza vitabu vyote, na mteja akimwomba sala humjibu kwamba kituo hiki hakihusiki na dini. Huyo naye ameogopa kusikia, ila hofu yake hupata alama nzuri chuoni.

Ficho la nne linatokana na lugha ya fomu. Vikao hufanyika kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa Kikuyu, kwa Dholuo, kwa Kikamba, mara nyingi kwa mchanganyiko wa lugha hizo katika sentensi moja. Fomu za chuo ziko kwa Kiingereza, na usimamizi mwingi huendeshwa kwa Kiingereza. Mwanagenzi anapovuka kutoka upande mmoja hadi mwingine husafisha. Mteja amesema, "Naona heri nilale tu nisiamke, hata watoto watazoea," na kwenye fomu kunaandikwa kwamba mteja ana hali ya moyo ya chini na wasiwasi kiasi kuhusu malezi. Hakuna uwongo katika ripoti hiyo, lakini imeficha hatari. Kwa sababu hiyo nimeweka utaratibu kwamba maneno ya mteja huletwa kama yalivyotamkwa, katika lugha yaliyotamkiwa, na kama siifahamu lugha hiyo basi mwanagenzi anipe kwanza maneno yenyewe na ndipo anieleze. Sentensi ile ikifika mezani ikiwa nzima, hakuna msimamizi atakayepitisha kikao bila kuuliza kama mteja aliulizwa waziwazi juu ya kujiua, kama ana njia aliyoifikiria, nani yuko naye nyumbani usiku na lini mwanagenzi atawasiliana naye tena.

Kuhusu hili la kujiua, kulikuwa na hofu nyingine iliyowafanya wanagenzi wanyamaze, nayo ilikuwa ya kisheria. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na mwanagenzi aliyesikia kwamba mteja wake alikunywa sumu mwezi uliopita alijiuliza kama kuandika hilo kwenye faili kungempeleka mteja polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Hofu huchelewa kuondoka hata baada ya hukumu, na bado naulizwa swali hilo. Jibu langu la kiutendaji halijabadilika: jambo la aina hiyo halingoji siku ya usimamizi. Msimamizi anapaswa kuwa na namba ya simu inayopokewa, na mwanagenzi aambiwe tangu siku ya kwanza kwamba akiipiga saa tatu usiku hatahesabiwa kuwa ameshindwa kazi. Vivyo hivyo mtoto akieleza kwamba anadhulumiwa. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamlinda mtoto huyo, simu ya watoto ya 116 ipo, na msimamizi anapaswa kujua siku ile ile, kabla mwanagenzi hajaahidi siri ambayo hana uwezo wa kuitunza.

Nimetaja rekodi, na najua kuna wasomaji watakaotishika. Ni haki yao. Mteja anapaswa kuambiwa mwanzoni kabisa, kwa lugha anayoielewa, kwamba anayemhudumia bado yuko mafunzoni, kwamba kazi yake hujadiliwa na msimamizi, na kwamba anaweza kukataa kurekodiwa bila kupoteza huduma. Wengi hukubali wakielezwa vizuri. Wanaokataa huheshimiwa, na tunarudi kwenye kurasa za neno kwa neno. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huzihesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na kwa vitendo hilo lina maana kwamba rekodi haikai kwenye simu ambayo watoto huchezea michezo, haitumwi, na hufutwa baada ya kusikilizwa. Kinachonisumbua zaidi kuliko rekodi ni makundi ya WhatsApp ya darasa, ambako mwanagenzi aliyekosa msimamizi wa kumpigia huandika usiku, "Wapendwa, nina mteja, mwalimu wa shule ya msingi hapa Kayole, mjane, watoto wanne..." na kuomba ushauri. Watu 60 husoma. Mmoja wao anaishi Kayole. Mwanagenzi huyo anatafuta usimamizi mahali pekee alipoupata, na kumkemea bila kumpa pengine pa kwenda si haki.

Kuna yanayofichika bila mtu yeyote kuyaficha. Mwaka 1955 Harold Searles, daktari wa akili wa Marekani, alieleza jinsi yanayotokea kati ya mgonjwa na mtabibu yanavyojirudia kati ya mtabibu na msimamizi wake. Nilidhani ni nadharia ya kupendeza tu mpaka nilipoanza kuangalia mwenendo wangu mwenyewe chumbani. Mwanagenzi mmoja, ambaye kwa kawaida huwa na maneno, aliketi akijibu "sawa" kwa kila nilichosema. Nikajikuta naongea zaidi, nikishauri zaidi, sauti ikipanda kidogo. Nilipoisikia sauti hiyo niliacha na kumuuliza habari za mteja wake. Mteja alikuwa msichana aliyeishi na shangazi mkali, na alichokifanya katika kila kikao kilikuwa kusema "sawa". Mwanagenzi alikuwa ameniletea kikao chenyewe, na nafasi ya shangazi nilikuwa nimeikalia mimi. Habari kama hizi haziingii kwenye daftari la saa, na hazipatikani ikiwa msimamizi ana haraka ya kutoa majibu.

Mpaka uliopo kati ya usimamizi na tiba ya mwanagenzi mwenyewe nitaupitia kwa ufupi. Msiba wake ukigusana na msiba wa mteja, tunautaja, tunaona unavyoathiri kikao, kisha sehemu iliyobaki anaipeleka kwa mshauri wake binafsi. Siwezi kuwa mtu wa kumfariji na mtu wa kumpa alama kwa wakati mmoja na kwa uaminifu.

Na alama ndizo mzizi wa haya yote. Msimamizi ana kalamu. Mwanagenzi wa Nairobi mara nyingi hufanya mafunzo ya vitendo bila malipo, hulipa karo, hulipa nauli mbili, na mara kwa mara humlipa msimamizi kutoka mfukoni mwake. Kutoka hapo hutokea mambo mawili yasiyopendeza. Mwanagenzi hununua usimamizi wa bei nafuu, yaani kundi kubwa, mara chache, kwa msimamizi asiyemfahamu vizuri. Wapo pia wasimamizi ambao hutia sahihi saa ambazo hazikuwahi kukaliwa, kwa sababu aliye mbele yao ni mlipaji, na mlipaji haambiwi kwamba bado hayuko tayari. Kwa kulinganisha, viwango vya shirika la CACREP linaloidhinisha programu za ushauri nasaha Marekani humtaka mwanagenzi awe na saa moja ya usimamizi wa mtu binafsi au wawili kila wiki pamoja na saa moja na nusu ya kundi, na chama cha BACP cha Uingereza humtaka hata mshauri aliyekwisha kuidhinishwa nacho kupata angalau saa moja na nusu kila mwezi kwa muda wote anaofanya kazi. Sitaki tunakili viwango vya watu bila kuangalia mifuko yetu. Lakini kama gharama ya usimamizi ingekuwa sehemu ya karo, ikalipwa na chuo moja kwa moja kwa msimamizi, kalamu ingekuwa huru zaidi, na naona ajabu kwamba vyuo vinavyopata nafasi ya kujenga maabara ya kompyuta havijaona nafasi ya jambo hili.

Wapo wanaopendekeza kwamba anayesikiliza asiwe anayetathmini. Nimelifikiria na sikubaliani nalo kikamilifu, kwa kuwa yule anayezijua kazi za mwanagenzi kwa karibu ndiye anayeweza kusema kwa haki kwamba mtu huyu asikae na wateja bado. Ninachokifanya ni kuondoa mshangao. Vigezo vya tathmini hutolewa kwa maandishi katika mkutano wa kwanza. Jambo linaloweza kumfanya mwanagenzi asipite huelezwa katikati ya muhula, akiwa na wakati wa kulirekebisha. Tena namweleza waziwazi kwamba kikao kilichoharibika na kuletwa mezani kina thamani kubwa kwenye tathmini yangu kuliko vikao vitano vilivyopambwa. Mwanzoni hawaamini. Huamini siku ya kwanza wanapoleta kimoja na kuona nilichoandika.

Mimi pia nina msimamizi wangu, na huko nami huwa na mambo ambayo sipendi kuyataja, mengi yakiwa juu ya wanagenzi ninaowapenda kupita kiasi na wale ambao nikiona majina yao kwenye kalenda natamani waghairi. Msimamizi asiye na mahali pa kuyasema hayo atayaonyesha kwa njia nyingine, kama vile kuwa mkali bila sababu, au kusahau kwamba leo ni zamu ya fulani.

Limebaki jambo la mwisho wa muhula, ambalo husahauliwa na wote kwa sababu daftari limeshajaa. Mwanagenzi akishatimiza saa zake huondoka, na mara nyingi huondoka Desemba, mteja naye akisafiri kwenda mashambani, na pande zote mbili huchukulia kwamba mambo yameisha yenyewe. Hilo nalo huwa ficho, kwa kuwa kuagana ni kugumu na safari ni kisingizio kizuri. Kwa hiyo mnamo Oktoba naomba orodha ya wateja wote ambao faili zao bado hazijafungwa, na kwa kila mmoja tunaandika kama atamaliza, atahamishiwa kwa mshauri gani, au atapumzika na kurudi Januari kwa nani. Mteja huambiwa wiki nne kabla ya kikao cha mwisho, na inapowezekana hukutana na mshauri atakayempokea wakati mwanagenzi bado yupo. Sitii sahihi kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari mpaka orodha hiyo iwe na jina mbele ya kila mteja.